"i7 ya grafiksi GB 4" au Ryzen inayokwama kwa jirani, nichukue ipi?

SWALI

Shikamoo kaka. Mi ni mwanachuo hapa Dodoma, mwaka wa pili, nakusoma siku nyingi ila leo ndo naandika maana nimevurugwa. Nimejichanga hela ya laptopu, nina laki saba na nusu, juu ya hapo nitakuwa nimeshakula kodi ya geto kwa hiyo tusifike huko. Kazi za chuo ni za kawaida tu, Word, Excel, Python kidogo, hizo najua laptopu yoyote inabeba. Shida ni gemu. Nataka nicheze GTA V, nipige mpira na wana, na kama inawezekana hizi EA FC mpya mpya.

Kuna muuzaji Kariakoo ananitumia picha WhatsApp, ana mbili, zote used za kutoka nje. Moja HP EliteBook 840 G5, i7 (prosesa ya Intel) ya kizazi cha nane, 8650U, RAM 8, laki saba na nusu. Nyingine EliteBook 745 G6, Ryzen 5 Pro 3500U (prosesa ya AMD), RAM 8 pia, laki sita na themanini. Muuzaji kakomaa nichukue i7, anasema dogo hii ni i7, halafu ina grafiksi ya GB 4, akanipigia na picha ya skrini ya dxdiag (ile programu ya Windows inayoonyesha taarifa za mashine) kweli nikaona imeandikwa MB elfu nne na kitu. Ryzen anasema watu hawaiulizii sana.

Nikaingia mtandaoni kucheki benchimaki, yaani vipimo vya nguvu ya mashine. Sehemu moja inaonyesha hizi prosesa mbili zinakaribiana, nikasema basi i7. Sehemu nyingine wamepima kwa Fire Strike, kipimo cha gemu, Ryzen ina elfu mbili na mia kadhaa, i7 elfu moja na mia na kitu, nikasema basi Ryzen. YouTube nikaona jamaa anapiga GTA V kwa hiyo 3500U, FPS (picha kwa sekunde) 55, 60, safi kabisa. Sasa kaka kilichonimaliza ni hiki, chumba cha tatu kutoka kwangu kuna mwana anayo hiyohiyo 745 G6, prosesa ileile, nikaenda kucheza kwake GTA V inasoma 30, ukianza kukimbizwa na polisi mjini inashuka ishirini na kitu na inaganda ganda mpaka unakera. Laptopu ileile kaka! Nani muongo hapa, YouTube, benchimaki, au huyu mwana laptopu yake mbovu? Na nikinunua halafu nikaongeza RAM ikawa 16, grafiksi inakuwa GB 8? Na hizi feni za kuweka chini ya laptopu zinasaidia au ni urembo?

Mwanachuo, Dodoma

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Kodi ya geto iache ilipo, na i7 iache Kariakoo, chukua Ryzen ila usiichukue kama ilivyo, nitakueleza.

Nianze na hizo GB 4 maana watu wengi sana wanapigwa hapo. Mwambie muuzaji akupigie tena picha ya dxdiag, tabu ya Display, safari hii ionekane mistari yote. Ile aliyokutumia nina hakika ni mstari wa Approx. Total Memory. Chini yake kuna Display Memory (VRAM), yaani memori ya grafiksi yenyewe, hapo kwenye Intel za namna hii utakuta MB 128 tu, na chini yake tena Shared Memory ndo ina hizo elfu nne. Hiyo "shared" ni nusu ya RAM yako mwenyewe, Windows inaipa grafiksi ruhusa ya kukopa mpaka hapo, basi. Haijaongezwa kitu chochote kwenye mashine. Kwa hiyo ndio, ukiweka RAM 16 dxdiag itaandika GB 8, muuzaji mwingine atakuja kukuuzia kwa jina la "grafiksi GB 8", na FPS haitapanda hata moja kwa sababu ya hiyo namba. RAM ya pili inasaidia lakini kwa sababu nyingine kabisa, tunafika huko.

Ila muuzaji nisimuonee, 840 G5 zipo chache ziliuzwa na kadi ya grafiksi ya pembeni, Radeon RX 540 ya GB 2 zake yenyewe. Kujua ni rahisi: Device Manager, Display adapters, kama kuna majina mawili umepata ya bahati, niandikie tena tubadilishe ushauri. Kama lipo moja, Intel UHD Graphics 620, ndo hivyo.

Na neno i7 lisikutishe. Kwenye kizazi cha nane hizi za U, i5 8250U ina UHD 620 na i7 8650U ina UHD 620 ileile, vitengo 24 vya kuchakata kote kote. Tofauti ni spidi ya juu ya grafiksi, MHz 1100 kwa i5 na 1150 kwa i7. MHz 50! Ukiwa kwenye gemu huwezi kuiona hata ukiambiwa uitafute. Kwa gemu hiyo hela ya i7 unanunua stika.

Sasa benchimaki. Hazijakudanganya, umesoma namba mbili zinazopima vitu viwili tofauti ukazilinganisha. Ile ya kwanza ilikuwa ya prosesa, CPU, na kweli hapo hawa wawili wanakaribiana, zote kori nne. Gemu kwenye laptopu isiyo na kadi yake inakwamia kwenye grafiksi muda mwingi kuliko prosesa, kwa hiyo hiyo namba iweke pembeni. Fire Strike ndo inahusika, lakini hata yenyewe inakuja na alama tatu tatu ndani, Graphics, Physics na Combined, halafu wanazichanganya kupata ile namba kubwa ya juu. Physics ni kazi ya prosesa. Mtu mwenye prosesa kali na grafiksi ya kawaida anaweza kukuonyesha namba kubwa ikakupendeza bure. We soma Graphics score peke yake. UHD 620 inacheza kwenye elfu moja na mia hivi, Vega 8, grafiksi ya ndani ya hiyo Ryzen, kwenye elfu mbili na nusu hivi kama imefungwa vizuri. Hiyo ni mara mbili na zaidi, na kwenye gemu tofauti unaiona, moja unashusha kila kitu ndo icheze, nyingine una nafasi ya kuchagua.

Ukikutana na Time Spy, kipimo kingine kama hicho, usihangaike nayo kwa daraja hili la mashine. Ile inachora picha kwa 2560 kwa 1440 na DirectX 12, imetengenezwa kwa PC za watu wenye hela zao, grafiksi za ndani zote zinaonekana takataka na huwezi kutofautisha vizuri. Waliotengeneza 3DMark, programu yenye vipimo hivi, wenyewe ndo maana wakatoa Night Raid, ile ni ya laptopu kama hizi.

Haya tuje kwa mwana wa chumba cha tatu, hapa ndo penyewe.

Grafiksi ya ndani haina memori yake, inakula RAM ya mashine, na inakula kwa fujo. Sasa RAM ya hiyo 745 G6 ni aina ya DDR4, spidi 2400. Ikiwa imechomekwa kipande kimoja cha GB 8, njia ni moja, kinachoweza kupita ni GB 19.2 kwa sekunde na hapo prosesa nayo inagombania hizohizo. Ukichomeka viwili njia zinakuwa mbili, GB 38.4. Mara mbili, na chipu hujaigusa. Vega 8 ina vitengo vinane, ni kama wapishi wanane jikoni wanaosubiri vitu kutoka stoo yenye mlango mmoja, wengi wanabaki wamesimama. Kwenye Vega kipande cha pili cha RAM kinaweza kukupandishia FPS kwa theluthi moja, kuna gemu zinafika karibu nusu. Kwa hiyo 30 ya jirani na 55 ya YouTube zinaweza zikawa za kweli zote mbili kwa chipu ileile. Nenda kwake leo, fungua Task Manager, Performance, Memory, angalia chini pameandikwa Slots used, yaani sloti za RAM zilizochomekwa. Nakuambia itasoma 1 of 2.

Na kuganda ganda nako kuna sababu yake, ambayo benchimaki nyingi hazikuambii maana zinatoa wastani. Wastani wa 30 unaweza ukawa ni 30 tulivu au ukawa 45 na 8 zinapokezana. Hizi Radeon za ndani, kama hiyo Vega, zinajitengea kipande cha RAM kabisa tangu mashine inawaka. Angalia kwenye About ya mashine yake, itaandika 8.00 GB halafu kwenye mabano usable 6.9, nyingine utakuta 5.9. Toa Windows, toa Chrome aliyoiacha na tabu zake kumi na kitu, GTA V inabaki na nini? Inaanza kusukuma vitu kwenye diski, hapo ndo unapata ule mgando wakati polisi wanakufukuza na ramani inabidi ifunguke haraka. Kwenye video za vipimo tafuta wanapoandika "1% low", hiyo ni FPS ya asilimia moja ya fremu (picha) mbaya kuliko zote, mi naiamini kuliko wastani.

Bado YouTube. Ukiangalia video ya FPS usiangalie namba ya pembeni kwanza, angalia jamaa akifungua setingi. Kama yuko 1280 kwa 720 na jirani yako yuko 1920 kwa 1080, jirani anachora nukta mara 2.25 zaidi kwa kila fremu, sasa unamlaumu nini. Angalia pia RAM aliyoandika kwenye maelezo, wengi wanaopima wana 16 ya vipande viwili na hawasemi kwa sauti. Kama video haionyeshi setingi wala RAM, funga, hiyo ni burudani.

Halafu umeme. Hizi chipu zimewekewa wati 15 hivi za kugawana prosesa na grafiksi, dakika za mwanzo zinaruhusiwa kula zaidi, joto likipanda zinarudishwa chini. Fire Strike inaisha ndani ya dakika chache, nyie mnacheza masaa mawili. Kwa hiyo laptopu yenye feni iliyojaa vumbi na pesti (ile ya kupitisha joto la prosesa) iliyokauka inaweza kupata alama nzuri na bado ikawa mbovu kwenye gemu. Ukicheza kwa betri ndo kabisa inajibana. Na kuna laptopu za ofisi zikichomekwa chaja isiyo yake, yenye wati pungufu, zinajishusha spidi kimyakimya hata kama inaonyesha inachaji. Hili la chaja watu hawalifikirii, na used nyingi zinauzwa na chaja za kuokoteza.

Kabla hujatuma hela fanya hivi, una bahati mashine unayotaka ipo hapohapo hosteli. GTA V ina benchimaki yake ndani, nenda setingi za Graphics, chini wameandika bonyeza Tab kuendesha kipimo. Inapita vipande vitano, cha mwisho ndo kirefu, cha mjini na milipuko. Majibu inayaandika kwenye faili la maandishi ndani ya Documents, folda ya Rockstar Games, GTA V, Benchmarks. Piga mara moja mashine ikiwa na RAM yake moja, chaja imechomekwa, Chrome imefungwa. Halafu azimeni kipande cha DDR4 cha laptopu kwa mtu yeyote hapo (lazima kiwe DDR4, na mwenyewe awepo msije mkagombana), zimeni, fungueni mfuniko wa chini, chomekeni, pigeni tena kwa setingi zilezile. Linganisheni kile kipande cha mwisho. Hiyo ni benchimaki bora kwako kuliko zote ulizosoma kwa sababu ni gemu unayocheza kwenye mashine unayonunua. Ukishaona kwa macho, mwana naye atakuwa amepata dawa ya laptopu yake.

Kwa EA FC nakuvunja moyo kidogo. Hapa benchimaki inakusaidia kwa njia nyingine: chukua kadi ambayo wenye gemu wameiandika kama ya chini kabisa, tafuta Graphics score yake ya Fire Strike, linganisha na yako. EA FC 24 wameandika GTX 1050 Ti. Hiyo kadi iko elfu saba na zaidi. Vega 8 elfu mbili na nusu, yaani theluthi. Itawaka ndio, utaona watu wanaicheza imeshushwa mpaka wachezaji hawana sura, ila mpira unataka 60 tulivu, ikishuka pasi inachelewa na unafungwa na mtu asiyejua kucheza. Baki na PES 2021 au FIFA 19, hizo Vega 8 yenye RAM mbili inazibeba vizuri ukishusha setingi kiasi, na hapo hosteli nadhani hamna atakayelalamika.

Kuhusu bei. Tofauti ya laptopu zako mbili ni elfu sabini, hiyo ndo bajeti ya RAM ya pili. Mwambie muuzaji unataka Ryzen ikiwa na 8 mbili ndani, akupe bei moja ya jumla, hawa wana RAM za kuchomoa kwenye mashine nyingine na mkiongea vizuri mnaelewana. Akigoma kabisa, bora akutolee ile 8 moja akuwekee 4 mbili, njia zitakuwa mbili japo GB ni zilezile, ila hiyo ni ya kuanzia tu maana nimeshakueleza RAM inavyomegwa hapo. 8 na 4 nayo inafanya kazi lakini sio nzuri kama 8 na 8.

Atakapoona umekomaa na mambo ya grafiksi anaweza kukuletea mashine ya kizazi cha 11, tuseme 840 G8 yenye i5 1135G7, akikuambia ni Iris Xe, grafiksi ya ndani ya Intel. Ni nzuri, Iris Xe inafika elfu nne mpaka tano kwenye Fire Strike Graphics, inaiacha Vega 8 mbali. Lakini sidhani kama utaipata kwa laki saba na nusu, na ukiipata kuna kitu uangalie. Intel wameweka masharti, jina Iris Xe linatokea RAM ikiwa njia mbili tu. Ikiwa na kipande kimoja Device Manager inaandika Intel UHD Graphics, chipu ileile, na nguvu inashuka. Kwa hiyo ukiona picha ya 1135G7 imeandikwa UHD hujaibiwa chipu, kuna sloti iko wazi, tumia hiyo kushusha bei.

Kwa kuwa uko Dodoma na mzigo uko Kariakoo, usitume hela kwa picha ya mfuniko. Omba picha ya Task Manager upande wa Memory, slots used zionekane. Omba picha ya Device Manager. Halafu omba video: Unigine Heaven, programu ya kupima grafiksi, ni ya bure, haifiki MB 300, anaweza kuiweka hata kwa flashi. Aiwashe kwa Basic, chaja imechomekwa, aiache izunguke robo saa, akurekodi mwanzo na mwisho bila kuzima. Namba yenyewe sio ishu sana, we linganisha FPS ya mandhari ileile mzunguko wa kwanza na wa mwisho. Ikishuka kidogo ni kawaida. Ikishuka robo au zaidi, feni ina shida au pesti imekufa, mwambie asafishe kwanza ndo muongee. Kama una ndugu Dar mtume akasimame pale mwenyewe, ni bora zaidi, na ashike mkono kwenye tundu la feni pembeni, hewa ya moto inatakiwa itoke kwa nguvu.

Hizo feni za chini zinasaidia kidogo kama laptopu inavuta hewa kwa chini na ndani ni safi. Kama ndani kuna vumbi la miaka mitano ya ofisi ya mtu, unapuliza ukuta. Mpe fundi afungue, asafishe, aweke pesti mpya, kisha iwekee vitabu viwili kwa nyuma inyanyuke kidogo. Hiyo ya kununua subiri mkopo wa Bodi uingie.